Siti ya Shangazi Aurelia

Jumatano, 16 Julai 2025. Mjimwema, Songea

Siku kumi na moja tangu harusi. Naandika nimekalia ndoo iliyogeuzwa, nyuma ya jiko, kwa sababu ndani hakuna pa kukaa. Wadogo wanne wa Valence walikuja kwa ajili ya harusi na bado wapo. Wanalala sebuleni, wanalala koridoni, mmoja analala mbele ya mlango wetu kama mlinzi. Nikicheka chumbani, sebuleni wanacheka. Nikikohoa, wanasema pole shemeji.

Mume wangu. Naandika tena: mume wangu. Neno tamu, ningeweza kujaza nalo daftari zima. Ni fundi baiskeli, lakini ana vidole vya mpiga kinanda. Tangu tufunge ndoa hatujakaa wawili peke yetu hata muda wa kuchemsha chai.

Leo nimepata dawa. Mwalimu Makarius, aliyenifundisha Jiografia kidato cha pili, amestaafu na anaendesha ziara za basi za bei nafuu. Siku nne, Songea hadi Tunduru na kurudi, chakula humo humo. Fungate! Lakini masharti yake ni ya seminari. Siti za wawili zimekwisha. Ya mwisho kaichukua Pamela na mumewe. (Pamela tulisoma darasa moja. Aliolewa miaka miwili kabla yangu na hajaacha kunikumbusha.) Zimebaki siti za watatu, na kama huna wa tatu wako, anachaguliwa na Mwalimu. Kulala, wanawake ukumbi wao, wanaume ukumbi wao. Isipokuwa familia yenye mzee aliyevuka miaka sitini. Hiyo inapewa chumba chake chenye ufunguo, na mzee anasafiri bure.

Ufunguo. Nilisoma mstari huo mara tatu.

Kisha nikaandika jina la tatu kwenye fomu: Aurelia Luambano, shangazi wa bibi harusi, miaka sitini na nne.

Sina shangazi. Baba yangu, mzee Egidi, kwao walizaliwa wavulana watano, msichana hakuna. Lakini nani atauliza? Chini ya fomu kulikuwa na nafasi ya maelezo mengine, na mimi karatasi ikiwa na nafasi siwezi kuiacha hivi hivi. Nikaandika: Mguu wa kushoto unamsumbua. Hapendi upepo wa dirishani. Anatumia ugoro. Huvaa kitenge cha kijani. Asikae karibu na mtu anayekula ndizi.

Siku ya safari atapata dharura. Siti itabaki tupu, chumba kitabaki chetu. Mwalimu alisoma fomu akaniangalia juu ya miwani. Alisema hakujua kama nina shangazi. Nikamjibu anaishi mbali, hata mimi simfaidi. Akagonga muhuri.

Valence sikumwambia ukweli. Ni mtu mwema mno kwa ukweli wa namna hii. Alifurahi, akasema atampigia magoti.

Alhamisi, 17 Julai. Njiani

Alfajiri Songea ilikuwa ndani ya ukungu, hata mnara wa kanisa hauonekani. Mwalimu alisimama mlangoni mwa basi na ubao wake wa orodha na filimbi shingoni. Majina arobaini na moja. Alipofika kwa Aurelia Luambano nilisema, kwa uso wa huzuni nilioufanyia mazoezi, kwamba shangazi atatukuta Namtumbo Mungu akipenda. Mungu nilimtaja makusudi, ili lawama imfikie yeye.

Raha niliyoipata kuanzia hapo! Siti ya watatu, sisi wawili. Kichwa changu begani kwake. Pamela aligeuka mara nne kutuangalia na mara ya tano akatuuliza kama tunaumwa.

Tulipita Hanga kwa mabruda, tukaona bustani zao za mboga, tukala mkate uliotoka tanuri saa ile ile. Valence alinimegea upande wenye ganda gumu kwa sababu anajua naupenda. Kanisani nilipiga goti nikaomba ufunguo uwe unafunga kweli.

Namtumbo tukasimama dakika kumi. Nilishuka, nikazunguka stendi nikijifanya namtafuta mtu, nikanunua maandazi ya kutulizia huzuni. Niliporudi, Mwalimu alikuwa anamaliza kuhesabu. Arobaini na moja, akasema, twende.

Nikamwambia pole Mwalimu, shangazi hakutokea. Aliniangalia vile vile alivyoniangalia siku niliposema Rufiji inamwaga maji Ziwa Viktoria. Akasema, "Dorine, shangazi yako amepanda zamani, wewe unahangaika na maandazi. Na mguu mbovu ule. Hata mkoba usimpokee?"

Nilicheka. Mwalimu hakucheka.

Nilikwenda kwenye siti yetu. Valence hayupo, kahamia mbele kabisa, kwenye kile kiti cha pembeni ya dereva. Dirisha nililokuwa nimelifungua limefungwa. Siti ya dirishani, ile tupu, mto wake umebonyea katikati. Nikatazama ule mto mpaka basi lilipopita kwenye tuta. Siti zote tupu ziliruka. Ule haukuruka. Na palikuwa na harufu ya ugoro.

Nilimfuata Valence nikamwuliza amemwonaje shangazi. Alishangaa swali. Alisema yeye kalelewa Mbinga, mkwe hatazamwi usoni. Aliinamisha macho, akasema shikamoo mama, akaitikiwa marahaba mwanangu, akahama. Alichokiona ni pindo la kitenge cha kijani na kandambili za bluu.

Nikamwuliza basi atarudi saa ngapi kukaa na mimi. Akasema kwa upole kwamba hawezi kukaa bega kwa bega na mama mkwe siku nne.

Kandambili za bluu sikuziandika mimi.

Ijumaa, 18 Julai. Tunduru

Tumefikia hosteli moja karibu na soko. Chumba tumepewa. Vitanda vitatu, pazia la maua, ufunguo mkubwa. Valence alituletea mabegi hadi mlangoni, akaaga akitazama sakafu, akaenda kulala ukumbi wa wanaume. Mara ngapi nimeuota ufunguo ule. Nimejifungia nao peke yangu.

Kama niko peke yangu. Asubuhi kitanda cha tatu kilikuwa kimetandikwa, pembe za shuka zimekunjwa kwa namna ya kwetu, ile anayokunja Baba. Begi langu nililolilaza juu yake lilikuwa chini, limeegemezwa ukutani kwa adabu.

Chakula chetu anapika Mwamvua, mama wa hapa Tunduru, mkarimu, mzungumzaji. Alipakua uji na mihogo, bakuli la kwanza akampakulia shangazi, akaliweka mbele ya kiti kilicho kando yangu. Niliapa sitaondoa macho kwenye bakuli lile. Pamela akaniuliza nina nini nimekodoa. Nikageuka kumjibu kwamba sina kitu. Niliporudisha macho bakuli lilikuwa jeupe, kijiko kimelazwa kifudifudi.

Mwamvua alisema mashaallah, shangazi yako ana mazungumzo matamu, tumecheka naye jikoni tangu alfajiri. Nikauliza walicheka nini. Akanisimulia jinsi nilivyokula nyama ya Krismasi nikiwa na miaka sita, nyuma ya mtungi wa maji, nikasingizia paka.

Jambo lile halijui mtu. Hata padri hajui. Paka yule alipigwa, na alikufa bila kunitaja.

Pamela naye akadakia. Alisema shangazi huyo huyo ndiye aliyecheza vizuri kuliko wote harusini kwangu, na kwamba wakati wa kunikabidhi kwa mume alilia mpaka kitambaa kikalowa. Nilimwambia Pamela kwamba shangazi hakuwepo harusini, wala hakunikabidhi. Akasema, "Shoga, ndoa imekulevya. Bila shangazi, nani alikukabidhi?"

Nilijaribu kukumbuka nani alinikabidhi. Nimejaribu asubuhi nzima. Naona mlango wa ukumbi, naona viatu vya Valence, nasikia vigelegele. Mkono ulioshika mkono wangu nauona hadi kwenye kiwiko tu.

Baadaye, mchana

Nimepata mpango! Nimekwenda kwa Mwalimu, nikamnong'oneza kwamba shangazi anakoroma vibaya, haniachi nilale, kwa hiyo ahamishiwe ukumbi wa wanawake. Chumba kitabaki chetu na Valence. Mwalimu alisema atalifikiria. Nilitoka pale najipongeza.

Shangazi alikwenda kujinyoosha baada ya chakula cha mchana. Wamesema hivyo, mimi sikuona mtu akienda. Mara kukaanza mkoromo. Mchana kweupe, jua limesimama juu ya mabati, chumba chetu kimefungwa na ufunguo ninao mfukoni. Mkoromo mzito, wenye kituo, kama mtu anayeburuta gogo, akapumzika, akaburuta tena. Kuku wote wa hosteli walihamia upande wa pili wa ua.

Mwalimu akaniita. Alisema niliyomweleza ni kweli kabisa. Ndiyo maana shangazi atabaki chumbani na mimi. Wengine wamelipia utulivu.

Valence alipita na mfuko wa karatasi. Amezunguka soko zima kumtafutia mkwe wake ugoro mzuri. Mimi hajaniletea hata ndizi, kwa sababu ndizi shangazi hazipendi.

Jumamosi, 19 Julai. Namasakata na kurudi Tunduru

Nitaandika polepole.

Leo tumepelekwa Namasakata kwenye mashamba ya mikorosho. Mikorosho ina maua sasa, na wakulima walikuwa wamepuliza dawa ya unga. Vumbi la njano limetulia kwenye majani, kwenye nyasi, kila mahali, na sauti hakuna. Njia ilikuwa na vumbi lile pia. Tulitembea kwa mstari mmoja na nyuma yangu nikasikia hatua: moja nzito, moja ya kuburuta. Niligeuka. Juu ya vumbi palikuwa na nyayo zangu na kando yake alama za kandambili, ya kushoto imevutwa. Alama ya mwisho ilikuwa karibu nami kiasi cha mtu kunishika bega.

Hapo nikaamua kumaliza. Mwalimu alikuwa ameacha orodha juu ya boneti, akimbishia mkulima kuhusu mvua. Nilichukua kalamu nikalikata jina. Aurelia Luambano, mistari mitatu, mpaka karatasi ikatoboka. Nikaenda kunawa mikono bombani, moyo mweupe.

Niliporudi basi lilikuwa limewashwa. Nilimsikia Mwalimu akihesabu: thelathini na nane, thelathini na tisa. Akarudia. Thelathini na tisa. Akatazama orodha akasema sawa, twende. Mlango ukafungwa. Mimi niko nje!

Nilidhani ni utani. Nikagonga ubavu wa basi. Pamela alikuwa dirishani, akanitazama kama mtu anavyotazama kibao cha barabarani, akaendelea kumenya chungwa. Nilikimbia. Nilimwita Valence kwa majina yote niliyompa, hata yale ya siri. Alikuwa mbele, anatazama barabara, uso wake umetulia kama wa kijana ambaye hajaoa.

Aliyesimama ni dereva, Daimu. Aliniona kwenye kioo, akafunga breki. Nilipanda nikihema. Mwalimu akaniuliza kwa adabu kama nakwenda Tunduru, akaongeza kwamba hawapakii abiria wa njiani. Nikasema Mwalimu, ni mimi Dorine. Akasema amefundisha akina Dorine wengi.

Kisha Valence aligeuka. Macho yale yale mazuri. Akasema, "Habari za saa hizi, dada."

Dada!

Nilimpokonya Mwalimu ubao, nikaandika tena, pale pale nilipotoboa, kwa herufi kubwa: AURELIA LUAMBANO, SHANGAZI WA BIBI HARUSI. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema, "Dorine, umetuchelewesha. Shangazi yako na mguu wake ametangulia, wewe kijana unavutwa." Akahesabu. Arobaini na moja. Valence alinirushia busu dogo la vidole, akakumbuka mkwe yupo, akainamisha kichwa.

Nilikaa kwenye siti yangu. Ya dirishani ilikuwa imebonyea. Sikuisogelea wala sikuikimbia. Nilikuwa na furaha ya kuwa na jina.

Tulipofika nilimfuata Daimu alipokuwa anapima upepo wa matairi. Nikamwuliza kwa nini yeye aliniona. Alisema orodha yeye hasomi. Anasoma springi. Basi hili analiendesha mwaka wa sita, na tangu Namtumbo anaambiwa lina watu arobaini na moja huku springi zinamwambia arobaini. "Dada, hicho ulichopakia sikukiona, ila najua hakina uzito. Umekiita kwa maneno. Kalamu haitakitoa, maana kimeshashikana na wewe. Kitoe kwa maneno, na yawe ya kweli, mbele ya hao hao waliokisikia."

Nikamwambia nitasema kweli kesho. Akasema inshaallah, kwa sauti ya mtu asiyeamini.

Jumapili, 20 Julai. Njiani kurudi

Baada ya sala ya asubuhi nilitafuta ushahidi kwanza. Nilimpigia simu Baba. Nikampa shikamoo, nikamwomba anisaidie neno moja: kwao walizaliwa wangapi. Alisema sita, umesahau? Wavulana watano na dada yake Aurelia. Akaniuliza mguu wake unaendeleaje. Kisha akagomba. Alisema amesikia nimemkalisha dirishani, na najua upepo hauwezi.

Nilimwuliza amesikia kwa nani. Akasema kwake mwenyewe, kapiga simu asubuhi. Nyuma yake nilisikia redio na jogoo wa kwetu. Kila kitu cha kweli.

Kwa hiyo sina shahidi. Nina springi tu.

Tuliposimama kunywa chai, katikati ya pori, nilisimama nikasema nina neno. Wote wakageuka. Upepo ukakatika, hata kikombe cha Mwalimu kiliacha kutoa mvuke. Nilikuwa nimeyapanga maneno: Sina shangazi, niliandika uongo, nilitaka kukaa na mume wangu. Maneno manane au tisa. Nikafungua mdomo. Pamela alikuwa ameshaweka kichwa upande, tayari kunihurumia kwa miaka kumi.

Ila si Pamela aliyenizuia. Ni Valence. Alisimama kando yangu, macho yanang'aa, akasema mke wangu moyo umemjaa, ngoja nimsaidie. Akawatangazia wote kwamba amemwomba mama mkwe aje kukaa nasi Mjimwema, moja kwa moja, na wadogo zake watahama sebuleni kumpisha. Na kwamba mama amekubali. Watu wakapiga makofi. Mwalimu akasema hiyo ndiyo ndoa.

Nikaona maisha yangu yote. Kitanda cha tatu. Mume anayetazama sakafu mpaka uzeeni.

Nikimkana shangazi mbele ya watu, Valence atanioaje tena? Alinipokea kutoka mkononi mwa huyo shangazi. Jana niliona kilichobaki bila mkono ule: habari za saa hizi, dada.

Basi nikasema hivi. Kwamba shangazi anashukuru mno, lakini nyumba yake ya Namtumbo haiwezi kukaa peke yake. Ina kuku kumi na wawili, ina mparachichi mlangoni, ina milango miwili ya rangi ya bluu, na leo hii jirani amempigia kwamba kuku hawajala. Itabidi ashuke.

Nyuma ya basi mtu akaguna, guno la kizee, la kukubali. Pamela akasema maskini kuku.

Daimu alinitazama, akamwaga chai yake chini.

Namtumbo tukasimama. Barabarani, kando ya stendi, palikuwa na nyumba yenye milango miwili ya bluu na mparachichi. Naapa Alhamisi palikuwa na kiwanja na mbuzi amefungwa. Valence aliubeba mkoba. Niliona bega lake limeshuka kwa uzito, lakini mkononi hakuna kitu. Watu walishuka wote kuaga. Mwalimu aliinama, akasema kwaheri mama, umekuwa abiria bora. Mlango wa kushoto ukafunguka, ukafungwa. Kuku wakakimbilia nyuma ya nyumba, nikawahesabu. Kumi na wawili.

Arobaini, akasema Mwalimu. Siti ya dirishani ikaruka kwenye tuta kama siti nyingine. Valence akaja kukaa na mimi! Akanishika mkono hadi Songea. Kwenye bega lake palikuwa na alama ya vidole viwili, ya ugoro, lakini nikaifuta na mate.

Nilimpita Daimu wakati wa kushuka, nikamwambia umeona, yamekwisha. Alisema, "Hukumrudisha, dada. Umempa nyumba."

Wivu tu.

Jumatatu, 21 Julai. Mjimwema

Nyumbani. Ndoo yangu, jiko langu, maharage yanachemka. Wadogo wa Valence sasa ni watano. Mmoja alikuja kuwasalimia wenzake. Asubuhi nilimwambia mume wangu (naandika tena: mume wangu) neno la mapenzi kwa sauti ya chini, na koridoni mtu akajibu amina.

Nimetulia, nimefikiri. Kosa langu nimelijua. Uongo ulikuwa mzuri, haukuwa na tatizo. Tatizo ni shangazi. Shangazi ni mkwe, na mkwe lazima aheshimiwe, ndiyo maana fungate iliniharibikia. Nilikosea daraja la ukoo. Mtoto wa darasa la nne angeliona.

Mwalimu amebandika tangazo la ziara ya mwezi ujao, Mbamba Bay, siku tatu, ziwani. Masharti yale yale. Ufunguo ule ule. Nimechukua fomu.

Bibi! Kwa bibi hakuna macho chini. Bibi ni utani mtupu. Bibi ndiye angewafukuza watu wote chumbani kwa fimbo ili wajukuu wapumzike. Nimeandika: Devota Luambano, bibi wa bibi harusi, miaka themanini na mbili. Maelezo mengine: Mchangamfu. Ana nguvu. Hana aibu. Anampenda mjukuu mkwe wake. Nimeusoma mstari huo nikaona umepungua kitu, nikaongeza: sana.

Uani Valence anacheka. Kile kicheko chake cha kurudisha kichwa nyuma, ambacho nilidhani ni changu peke yangu. Wadogo zake sasa wanasalimia, mmoja baada ya mwingine. Shikamoo. Shikamoo. Nimezihesabu tano.

Sauti ya kizee, kavu kama maganda ya mahindi, inamwambia hujambo mume wangu. Anasema tena: mume wangu. Anauliza mke mwenzake yuko wapi, mbona maharage yanaungua, na kitanda chao kiko chumba gani apumzishe mgongo.

Kalamu bado ninayo. Chini ya fomu imebaki nafasi ya mistari miwili.